Namba za Mlango wa Sun-rye

Mbele ya duka la Yeom, kwenye mteremko wa kushukia bandari ya Gunsan, kuna kitanda cha mbao ambacho wazee wamekigeuza mali yao. Saa tisa alasiri utawakuta wamejaa, kahawa ya pakiti kwenye vikombe vya karatasi, wanachambua tamthilia ya jana kama wanalipwa. Siku hizi ni ile ya tarishi wa kuzimu anayetimiza maombi ya mwisho ya marehemu. Tak Man-su, fundi makufuli mstaafu anayeitwa Komeo, haipendi hata kidogo. Anaiangalia kila siku, na tangu ianze hana usingizi.

Siku hiyo aliyeanza ni Rimoti, aliyetengeneza televisheni miaka arobaini. Akasimulia jinsi yule mama wa jana, aliyefia hospitalini, alivyorudi kwake kwa miguu, akabonyeza namba za siri kwenye kufuli la vitufe mlangoni, zikamkataa. Mumewe alikuwa amezibadilisha.

Komeo akaweka kikombe chini. Mkewe Sun-rye naye alifia hospitalini, na leo anatimiza miaka mitatu. Kabla ya kufa alimwomba jambo moja tu: arudishwe nyumbani, akalale kwenye sakafu yake inayopashwa joto. Komeo akamwambia kesho. Kesho hiyo aliisema mara tatu, kwa sababu aliogopa mtu kumfia ndani. Huo ndio ukweli. Baada ya mazishi akabadilisha namba za mlango.

— Anayefia nje ya kwake hutangatanga, alisema Mama Chumvi, muuza samaki, shoga wa Sun-rye. — Lakini vitufe? Mzimu ulijifunzia wapi vitufe?

Rimoti akamwambia hajui kitu. Mzimu na umeme, alidai, ni kitu kimoja. Unapita kwenye waya, unapanda lifti, unaingia hata kwenye jungu la umeme la wali, lile linaloongea.

— Likikwambia wali umeiva na hukuweka mchele, ujue una mgeni.

— Langu lilisema juzi, alijibu Mama Chumvi taratibu, na hakuwa anatania.

Hapo Komeo akashindwa kujizuia.

— Mlango wangu unalia. Usiku wa tatu huu. Mtu anabonyeza namba nne, zinakataa, anaanza upya.

Rimoti akajaribu kusema ni mlevi wa juu amekosea ghorofa, lakini juu ya Komeo hakuna ghorofa nyingine. Basi ni betri. Komeo akamkumbusha kazi aliyoifanya maisha yake yote. Betri ameziweka mpya mwenyewe.

— Ulichungulia? aliuliza Rimoti.

— Sikuthubutu.

Mama Chumvi akaingia dukani, akatoka na matunda mawili ya pichi. Mzimu haupiti penye pichi, alisema; ndiyo maana hatuziweki kwenye meza ya kuwalisha marehemu.

— Ziweke kizingitini, shemeji, kabla hujaandaa chakula chake cha kumbukumbu cha leo.

Rimoti akaona mbili hazitoshi. Afunge mlangoni pia kamba ya majani makavu yenye pilipili ya kufukuza mizimu, ang'oe kengele, alale kwa binti yake huko Busan, na ikibidi auze nyumba kabisa. Komeo alikuwa anaitikia kila kitu. Akazipokea pichi, moja ikamponyoka, ikabiringika chini.

Aliyeiokota ni mpangaji mpya wa ghorofa ya chini kwenye jengo la Komeo, mama mmoja mwenye mfuko wa tofu ya soya, hana wiki mbili pale. Alikuwa amesimama kusalimia na akayasikia yote.

— Samahani wazee wangu. Ile si nyumba yake huyo mama?

— Ni yake, alisema Komeo.

— Na leo si mnampikia ili aje ale?

— Ndiyo.

— Sasa mnamfungia nje kwa nini?

Komeo akaiweka pichi iliyobaki juu ya kitanda. Miaka mitatu aliogopa mkewe asije akaingia. Leo ndiyo kwanza alimuwaza huko koridoni, na ndara zake za hospitali, akibonyeza namba zao za zamani, akianza upya.