Solange Brugidou, Mweka Alama wa Njia ya Mto Sourdelle (1949–2023)

Ndugu, jamaa, majirani wa Vayssergues, nanyi mliotoka mbali. Mimi ni Clémence Fabrègues, na marehemu alikuwa shangazi yangu, dada wa baba. Ilikuwa binti yake Nadège asome maneno haya, lakini jana aliniambia, "Soma wewe. Mimi nikisimama pale nitatukana watu." Nimempa ahadi kwamba sitatukana. Nitasema yaliyotokea tu.

Marehemu Solange Marie Brugidou, wa ukoo wa Fabrègues, alizaliwa tarehe 11 Machi 1949 katika nyumba ya kinu cha Combarel, hatua chache kutoka hapa tuliposimama. Alikuwa mtoto wa pili wa mzee Urbain Fabrègues, msaga unga, na mama Philomène, ambao wote wamelala nyuma yangu, chini ya msalaba ule wa chuma. Mwaka huo mto ulifurika mpaka kwenye ngazi za kinu, na mkunga alifika akiwa ameloa hadi kiunoni. Alipita njia ya mto, ile ya miguu kando ya maji. Wakati ule hapakuwa na nyingine.

Alianza shule ya kijiji mwaka 1955. Kila asubuhi yeye na kaka yake Aimé, ambaye ndiye baba yangu, walipanda na mto, wakapita chini ya miamba na kuvuka daraja la mbao hadi Vayssergues. Baba anasema shangazi alichelewa shule karibu kila siku, kwa sababu hakuna konokono wala kiota alichokubali kukipita bila kukisalimia. Alipata cheti chake mwaka 1963, akaenda mjini kusoma ukarani. Alirudi kabla ya mwaka kwisha. Mama yake alipomuuliza kulikoni, alijibu, "Kule mtu anatembea siku nzima na hafiki popote."

Mwaka 1968 aliajiriwa na posta, na kwa miaka thelathini na tisa ndiye aliyetuletea barua. Walimpa gari la njano. Aliliacha juu barabarani, akateremka kwa miguu kwenye mashamba ya bondeni, akanywa kahawa kila nyumba, na msimamizi wake alikonda kwa hasira. Wengi wenu mlipata habari za kuzaliwa na za kufiwa kutoka mkononi mwake, na alijua ni bahasha ipi ya kumpa mtu akiwa ameketi.

Aliolewa na Roland Brugidou, mpasua mbao, tarehe 16 Juni 1973. Jumapili ya kwanza Roland alikwenda kumposa kwa pikipiki, akishuka bondeni kwa kelele, bata wote wakakimbia. Shangazi alimsimamisha mlangoni. "Irudishe barabarani hiyo, halafu uje kama watu." Roland akaisukuma mlima mzima, akarudi kwa miguu, na viatu vyake vya kanisani vimejaa matope. Shangazi alisema baadaye kwamba aliviona vile viatu akajua basi, huyu ndiye. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Nadège.

Alipostaafu mwaka 2007 alijitolea kuweka alama kwenye njia za miguu za bonde letu: mstari mweupe na mwekundu, juu ya jiwe au mti, ili mgeni asipotee. Alifyeka miiba, akafukua mifereji, akapaka rangi. Siku moja ng'ombe wa jirani alijisugua kwenye nguzo ambayo rangi haijakauka, na kundi la wageni kutoka Toulouse likamfuata hadi kwenye kinamasi. Walifika kwa shangazi usiku umeingia, matope hadi magotini, wanalalamika. "Bibi, sisi tulifuata alama!" Shangazi akawatazama. "Hapana. Nyinyi mlifuata makalio ya ng'ombe." Kisha akawapa supu na soksi za Roland. Wawili kati yao wako hapa leo. Karibuni tena.

Sasa nafika mahali ambapo padre aliniomba nipapunguze. Samahani, Padre. Sikupapunguza.

Mwaka 2019 kinu cha Combarel kilinunuliwa na Bwana Hervé Delmotte, anayekipangisha kwa watalii. Hilo si kosa. Nyumba inahitaji watu. Lakini hakutaka mtu apite mbele ya madirisha yake. Akaiomba halmashauri ya kijiji imuuzie kipande cha njia ya mto kinachopita kwenye uwanja wake. Tangazo lilibandikwa mlangoni mwa ofisi ya meya mwezi Agosti 2021, watu wote wakiwa mashambani kukata majani ya mifugo. Tulipolisoma, muda wa kupinga ulikuwa umekwisha.

Kikao kilifanyika tarehe 26 Novemba 2021. Nilikuwepo. Meya wetu, Bwana Gilles Puechmaille, alisimama akasema njia ile imekufa, hakuna anayeitumia tena.

Shangazi alinyanyuka nyuma kabisa. "Na mimi ni nani, Gilles? Ukungu?"

"Mama Solange, tulia. Tunazungumzia wananchi kwa jumla."

"Barua yako ya kwanza ya kazi nilikuletea kwa njia hiyo, mvua inanyesha, na mama yako alilia mbele yangu kwa furaha. Leo unaniambia imekufa?"

"Nyakati zimebadilika, Mama. Kuna barabara. Ina lami."

"Ina lami, haina pembeni! Mtu akikutana na gari pale kwenye kona ya Roumégous atakwenda wapi? Atapaa?"

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka. Halafu wakapiga kura, na mikono ikanyanyuka, na baadhi ya mikono hiyo ninaiona hapa imeshika maua.

Mwezi Machi 2022 geti la chuma lilifungwa kwa mnyororo. Njia ambayo wazee wetu waliwabebea wafu kutoka kanisani kuja makaburi haya ikawa uwanja wa mtu. Na matangazo ya Bwana Delmotte ya kuvutia wageni, nendeni mkayaone, yana picha nzuri ya njia yetu yenye maandishi "matembezi ya utulivu kando ya mto".

Halmashauri ilimtaka shangazi aweke alama mpya za kuwapeleka watembeaji barabarani. Alikataa. Alisema, "Sitapaka rangi ya kuwapeleka watu wakafe." Wakampata mtu mwingine.

Jumapili tarehe 21 Mei 2023 aliondoka nyumbani na maua ya kaburi la mama yake. Alikwenda kwa barabara, kwa kuwa ndiyo njia iliyobaki. Pale kwenye kona ya Roumégous aligongwa na gari.

Nataka kila mtu asikie hili. Dereva alikuwa Mylène Cassan, muuguzi anayewazungukia wagonjwa wetu majumbani. Hakuwa na mwendo wa kasi. Alisimama, akavua koti lake, akamfunika shangazi, akamshika mkono mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Kila wiki alikwenda kumtazama hospitalini, na kila mara alilia. Shangazi alimwambia mbele yangu, "Wewe mwanangu ulikuwa barabarani kwako. Mimi ndiye sikuwa kwangu." Mylène, uko pale nyuma kabisa karibu na lango. Sogea mbele. Nafasi yako iko hapa na sisi.

Nyonga na mguu wake wa kushoto vilikuwa vimevunjika. Alifanyiwa upasuaji, wauguzi wakamhudumia kwa upendo, nasi tunawashukuru. Lakini mwanamke yule hakuwahi kulala kitandani mchana tangu kuzaliwa, na kulala kukamwingia kifuani. Mapafu yakadhoofika. Mwezi Septemba meya alimtembelea na maua ndani ya chungu.

"Umepitia wapi kuja huku, Gilles?"

"Kwa gari, Mama Solange."

"Ndiyo maana umefika."

Akageukia ukutani. Sijawahi kumwona shangazi akimnyima mtu mazungumzo, ila siku ile. Alifariki alfajiri ya Jumatatu, tarehe 9 Oktoba 2023, Roland akiwa amemshika miguu, kwa sababu alisema inapata baridi.

Yanayofuata hayamo kwenye karatasi mliyonayo. Ni ya leo asubuhi. Nadège alimpigia Bwana Delmotte simu akamwomba afungue geti kwa saa moja tu, mama yake apite. Akajibiwa kwamba wageni wanaingia leo, na kwamba barabara ipo. Tulitoka kanisani na jeneza tukashuka na mto hivyo hivyo. Geti lilikuwa limefungwa. Hakuna aliyetoa amri. Wabebaji wakalinyanyua jeneza, wenzao wakaruka ng'ambo, na shangazi akapita juu kwa juu, mkono kwa mkono. Kisha tukapanda sote. Baba yangu, mwenye miaka yake sabini na sita, alipanda. Mjomba Roland alifika juu akakwama, mguu huku na mguu kule, akasema, "Jamani, nishusheni, au nizikeni hapa hapa." Tulicheka huku tunalia. Madirishani pa kinu wageni walitazama, na mwanamke mmoja akavua kofia.

Bwana Meya alizunguka na gari lake. Alifika tukiwa tumemaliza wimbo wa kwanza. Hatukumsubiri.

Marehemu ameacha mume, Roland, binti, Nadège, na mkwe wake, Thibault, wajukuu wawili, Manon na Loïs, kaka, Aimé, wifi, Huguette, mimi mpwa wake, na Mylène, ambaye familia imekubaliana jina lake lisomwe hapa.

Mungu ampokee. Shangazi Solange apumzike kwa amani. Chakula kipo kijijini, kwenye ukumbi, na wote mmealikwa. Tunarudi kwa njia tuliyojia. Wenye miguu mibovu tutawabeba.