Siku Odessa Alipobaki Nyumbani

LAVONNE: Haloo! Nani mwenzangu?

EARLINE: Dada'ko, nani mwingine? Nimepiga wee, naambulia mikwaruzo tu.

LAVONNE: Shikamoo, dada Earline. Niko kwenye korido ya Bunge hapa Washington, kuta ni mawe matupu. Sema upesi, shahidi anayefuata ni mimi.

EARLINE: Marahaba. Umemsikia Pruitt?

LAVONNE: Nilikaa nyuma yake! Manukato yake bado yamenikaa puani.

EARLINE: Sisi tumemwona kwenye televisheni. Eti, "Waheshimiwa, iongezeeni miaka sheria hii, fedha za serikali zisiende kwa shule zinazoshindwa. Hata shule niliyokuwa mkuu wake kule Mississippi ilifungwa kwa sababu ya—"

LAVONNE: "—wazazi wazembe, wasioleta watoto kwenye mtihani." Na wabunge wanatikisa vichwa kama mijusi ukutani!

EARLINE: Mwongo mkavu! Nimeacha samaki wameungua kikaangoni.

LAVONNE: Si yeye aliyenipigia simu jioni ile? "Mama, kesho Odessa abaki nyumbani, asije akatushusha alama." Akawapigia na wenzangu, kila mwenye mtoto anayesoma polepole. Akawaza alama, akasahau kwamba sheria inahesabu na vichwa. Watoto wakipungua kwenye mtihani, shule imeanguka.

EARLINE: Ikaanguka, yeye akapanda cheo.

LAVONNE: Mimi nikasengenywa hadi kanisani, eti mama mzembe. Watoto wetu wakawa wanapakiwa kwenye basi kabla jua halijatoka, kwenda kusoma mji wa watu. Leo mchimba kisima ataingia mwenyewe! [mikwaruzo] Unajua hakunikumbuka? Kanishikia mlango. "Karibu, bibie, umekuja kutembea?" Nikamchekea.

EARLINE: Ukamchekea!

LAVONNE: Nyoka hapigwi mkiani, dada. Nangoja kichwa. Nitawaambia waheshimiwa fedha ziendelee kutoka, ila aadhibiwe anayeficha watoto, siyo watoto. Kisha nimwonyeshe kwa kidole: huyu hapa.

EARLINE: Hapo sasa! Apande cheo tena tuone. Ila, Lavonne...

LAVONNE: Nini?

EARLINE: Watakuuliza ni mtoto gani alifichwa.

[mikwaruzo]

EARLINE: Haloo? Umekatika?

LAVONNE: Nipo. Nilimwambia Odessa ana homa. Nikamfunika shuka mtoto mzima wa afya, nikampikia na supu. Mpaka leo anaamini aliumwa. Afadhali sasa hivi yuko shule, hanioni—

EARLINE: Hakwenda.

LAVONNE: Hakwenda wapi?

EARLINE: Shule. Amegoma. Yuko hapa jikoni, mbele ya televisheni, tangu Pruitt anaanza.

LAVONNE: Mungu wangu! Mtoe, dada! Mtume dukani, mtume popote—

EARLINE: Hebu nisikilize! Pruitt aliposema "wazazi wazembe", mwanao kasimama. Kasema, "Mwongo. Mama angenipeleka. Huyo ndiye asiyenitaka."

LAVONNE: ...Kasema hivyo?

EARLINE: Anajua. Siku ile ile alijua. Simu aliisikia, alikuwa ngazini.

LAVONNE: Na ile supu akainywa.

EARLINE: Yote.

[mikwaruzo]

EARLINE: Usilie, mdogo wangu. Utaharibu wanja mbele ya kamera.

LAVONNE: Silii. Wananiita. Mlango umefunguliwa— namwona Pruitt mstari wa mbele, kakunja nne kama yuko sebuleni kwake. Dada, niseme tu "mtoto mmoja"? Nisimtaje?

EARLINE: Ngoja nimuulize mwenyewe. Odessa! ...Anasema hapana.

LAVONNE: Hapana, nisiseme?

EARLINE: Hapana, usiseme "mtoto mmoja". Sema Odessa Mae Tolliver. Anasema ulitaje jina lote, polepole, huku unamwangalia yule mtu machoni.

LAVONNE: Mwambie... basi, nitamwambia nikirudi. Wanataka simu zizimwe. Dada!

EARLINE: Eeh?

LAVONNE: Ongezeni sauti ya televisheni.