Chombo cha Mama Watoto

Benchi letu ni ubao mmoja juu ya matofali, ubavuni mwa kinyozi, buli la kahawa katikati. Jana nililikalia ukingoni kama mshtakiwa. Wiki nzima nilikuwa nimewatambia wenzangu kwamba mimi, fundi saa, nimeanza kutengeneza modi: unaingia kwenye mafaili ya gemu, unaongeza vitu vyako. Gemu yenyewe ni ya mke wangu, ya kutawala sayari. Himaya yake ameijenga miezi minane, kila jioni akimaliza kushona. Nilitaka kumwekea chombo cha anga chenye jina lake. Maelekezo yalianza hivi: nakili kwanza folda nzima. Nikaliruka hilo, nikaona hayo ni ya washamba. Nikaandika juu ya faili la asili, gemu ikagoma kufunguka, nikafuta folda nianze upya. Himaya ilikuwa humohumo. Nyumbani nikasema umeme ulikatika. Kijiweni pia.

— Umeme ukikatika haufuti kitu, akaanza Nyaya, fundi redio. Ukirudi ndio unafuta. Unarudi na hasira.

— Hasira wapi, akasema Wembe, kinyozi mwenyewe. Sayari zilikuwa nyingi mno. Mashine imeelemewa.

— Kwani sayari za kwenye kompyuta zina uzito?

— Wewe kompyuta ikiwaka hujaona inavyopata moto? Lile jua liko humo ndani.

— Basi mimi nakwambia wale raia wa himaya wameasi, akasema Nyaya. Miezi minane shemeji anawatawala tu. Giza lilipoingia, wakapata upenyo.

— Wakafuta na folda yao?

— Wameihama. Injinia, wewe unasemaje? Si wewe ndiye mtaalamu wetu?

— Nyaya, uko karibu na ukweli, nikasema. Aibu ilinichoma mpaka masikioni.

Mara mke wangu akatokea, utepe wa kupimia bado shingoni.

— Shemeji, pole na msiba wa sayari, akasema Wembe.

— Nimeshapoa. Nina swali dogo tu. Umeme ulikatika saa ngapi? Maana nilikuwa chumba cha pili, gauni zima nimelishona na cherehani yangu ya umeme haikusimama.

Nyaya akainua macho kwenye nguzo ya umeme. Wembe akakumbuka ana mteja, na kiti chake kilikuwa kitupu. Mimi nikaikumbuka meza yangu ya kazi. Miaka kumi na tano nafungua saa za watu, na kila skrubu naitenga kwenye kifuniko kabla sijagusa ya pili. Hizo ni saa za wateja.

— Haukukatika, nikasema, macho kwenye viatu vyangu. Ni mimi.

— Najua, Baba Watoto. Nilikuwa nangoja uniambie tukiwa nyumbani.

Akageuka, akaenda zake. Buli lilikuwa bado na kahawa, ila hakuna aliyemimina.