Gayogayo Si Mmoja

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu habari za kazi. Nimeomba nisimame kabla chai haijaletwa, maana nikishakunywa nitakimbia.

Mnajua nafanya kazi ghala la samaki, Wadi Kabir, hapahapa Maskati. Tunapokea halibuti, samaki bapa wa bahari za baridi. Huko kila nchi ina mgao wake wa kuvua, na sheria hazifanani, hata urefu wa samaki anayeruhusiwa. Ndiyo maana kila boksi huja na karatasi: kavuliwa bahari gani, kwa kibali gani. Bila karatasi hauziki kwa jina hilo.

Msimamizi wetu ni mama wa Kiomani mwenye asili ya Unguja. Halibuti yeye humwita gayogayo. Siku moja akaniambia, "Hao gayogayo watie lebo, mwanangu." Ndugu zangu, mimi mtu wa Tanga! Kwetu samaki yeyote bapa, macho yote upande mmoja, ni gayogayo. Na mezani kulikuwa pia na minofu ya gayogayo wa hapahapa Oman. Nikaibandika yote lebo ya halibuti.

Hoteli iliyonunua ikarudisha mzigo: si halibuti wote. Mudiri, yaani meneja wetu, akauliza nani kafunga. Tulikuwa zamu moja na mwenzangu niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja Darsait. Nikanyamaza, nikamwangalia yeye. Nilimwangalia tu, jamani, ikatosha. Akaambiwa khalas, kazi basi, arudi kwao.

Nikajipa moyo kwamba sikusema neno, kwa hiyo sikusema uongo. Siku ya tatu nikamkuta anakunja nguo. Akanipa sufuria yake: "Chukua, utapikia. Nyumbani tunazo."

Hapo nikashindwa, nikamwambia yote. Hakunitukana. Alichukua tu sufuria yake.

Asubuhi nikaenda kwa msimamizi na bataka yangu, kile kitambulisho cha ukaazi, mkononi, nikijua ndiyo mwisho wa Maskati. Akasema, "Mbona hukunambia siku ileile? Mie ndo nlosema gayogayo. Twende kwa mudiri, nnakwenda na wewe." Mwenzangu akarudishwa kazini. Mimi nikapewa onyo na ufagio wa miezi miwili, na mama yule akanifundisha kusoma zile karatasi. Leo ndiyo kazi yangu.

Namshukuru yeye, na ninyi mlionipokea nilipohama chumba. Nililojifunza ni hili: ukinyamaza, kuna mtu analipa. Semeni mapema, hata mdomo ukitetemeka.

Mwenzangu yumo humu, simtaji. Hatujawa kama zamani. Salamu yangu anaitikia, na sidai zaidi.