Ombi la Darasa la Ushonaji: Kimya Arudi Ndani

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa bodi ya chuo chetu, kitendawili! Watu arobaini wanakula tangu asubuhi hadi mchana, chakula hakiishi, na wote wanatoka na njaa.

Usihangaike kututafutia mji, jibu tunakupa bure. Ni sisi, darasa la ushonaji.

KARIBU

Karibu sana, na utusamehe viti. Kalamu wamenipa mimi, bibi wa darasa, mwenye wajukuu sita na elimu ya darasa la saba. Walisema, "Andika wewe, Bibi, wewe hawakufukuzi." Haya, tutaona.

TULIKOTOKA

Huu ni mwezi wetu wa saba hapa. Wengi wametoka shule juzi. Wengine, kama mimi, tumeshona nyumbani miaka mingi tukataka cheti. Mkufunzi wetu huyo hapo mbele yako tunamwita Nukta, na jina hilo analijua. Yeye anasoma daftari lake la zamani, sisi tunaandika. "Anza na bega, nukta. Kisha kifua, mkato, ukipitisha futi chini ya kwapa, nukta." Hivyo kila siku.

TULIYOFANIKIWA

Tumejaza madaftari matatu kila mmoja. Vyerehani kumi na viwili vya chuo viko salama kabisa, bado vimo ndani ya nailoni za dukani.

Siku moja Nukta akitusomea imla, upepo ulivuma, akasema, "Fungeni mlango." Tukaandika. Kwenye jaribio akauliza hatua za kupima gauni. Thelathini na mmoja wetu tukajibu kwamba hatua ya tatu ni kufunga mlango. Alisahihisha mwenyewe, akatutia vema wote. Mgeni rasmi, ukicheka hatukulaumu, lakini mimi siku ile nilichoka mpaka magotini.

Basi saa ya mapumziko tukaanza kukata magazeti kama vitambaa nyuma ya darasa, huyu akimwonyesha yule, huyu akimbishia yule. Waliojua kukata gauni wamejulia hapo.

YANAYOTUCHOSHA

Kuna binti tunamwita Kimya, kwa sababu miezi sita hatukuwahi kusikia sauti yake. Huko kwenye magazeti aliona kitu. Akakipima kwa uzi, akarudia. Alhamisi ya wiki jana, kwa mara ya kwanza, akasimama darasani.

"Mwalimu, samahani. Mbona mkono wa gauni unakatwa mpana kuliko tundu unamoshonewa? Unazidi vidole viwili. Vinakwenda wapi?"

"Andika."

"Nimeshaandika, mwalimu. Sasa nauliza."

"Unanipima?"

"Nimepima gazeti, mwalimu."

Darasa zima likaangua kicheko. Nukta akafunga daftari. "Toka nje!"

Kesho yake ikaja barua ya ofisi, ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo: asiingie darasani mpaka bodi ikae. Bodi inakaa mwezi ujao. Mtihani ni Jumatatu! Asiyefanya anarudia mwaka, na shangazi yake anayemlea ameshamwambia mwaka mwingine hataweza kuulipia. Leo ni siku ya nane Kimya ameketi barazani, ananakili kupitia dirishani.

Jamani! Miezi sita tunamwomba mtoto aseme. Kasema mara moja, katolewa nje. Sasa nani mwingine atafungua mdomo? Tangu siku ile hata anayetaka kwenda msalani anaogopa kuuliza.

TUNACHOOMBA

Wenzangu waliniletea orodha: mapazia, tangi la maji, feni. Nimeikunja nikaitia mfukoni. Tunaomba jambo moja. Barua ile iondoe leo, Kimya aingie, Jumatatu afanye mtihani kama wenzake. Na akiuliza tena ajibiwe, au tutafute jibu pamoja naye. Kuandika haraka hatukukufuata hapa chuoni, tulifuata kushona.

Mungu akupe afya, akuzidishie subira ya kusikiliza, na wajukuu wako wakuulize maswali mpaka uombe maji.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Ushonaji, Mwaka wa Kwanza

NYONGEZA, LEO ASUBUHI

Mgeni rasmi, haya nimeyaongeza kwa haraka, utavumilia mwandiko. Tulipokuwa tunapanga viti, Nukta aliichukua risala hii mezani akaisoma yote, amesimama. Nikasema moyoni, Bibi, leo kwisha habari yako. Hakunigombeza. Alinirudishia karatasi, akatoka hadi barazani, akaketi sakafuni pembeni ya Kimya. Barua bado imebandikwa ubaoni. Yeye hana ruhusa ya kuibandua, wewe unayo. Sisi tukabanana dirishani.

"Vile vidole viwili," akasema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Sijui, mwanangu. Na mimi nilisomewa hivyo hivyo, sikuthubutu kuuliza."