Asenath Nasike na Kurasa Kumi na Nane Zilizosalia

Jumatano iliyopita, tarehe 12 Septemba 1984, Lusweti, mdogo wa marehemu Asenath, alishuka Barabara ya Jogoo na sanduku lake, akaingia mtaa wa Makongeni asijue pa kuelekea. Alikuwa ameishi nje ya nchi miaka kumi na mitatu, Khartoum, Aden na kwingineko, na mtaa huo aliujua kwa anwani ya bahasha tu. Penye bomba la maji aliwakuta akina mama wakifua. Akauliza nyumba ya Asenath Nasike.

"Mama Nekesa? Yule wa kitabu?" mmoja akamwuliza.

"Nasike, mke wa Gordon Nabiswa."

"Si ndiye huyo." Mama yule akapangusa mikono kwenye leso yake, akamtazama vizuri. "Basi wewe ndiye wa barua zenye stempu za ngamia. Umechelewa, baba. Njoo nikupeleke."

Huyo alikuwa Wacera, muuza mboga wa soko la Gikomba na jirani wa marehemu kwa miaka ishirini. Alilibeba sanduku yeye mwenyewe. Familia ilimwachia Lusweti kazi ya kuandika wasifu huu, naye ameuandika kutokana na aliyoambiwa na Gordon, na Wacera, na barua za dada yake.

Asenath Nasike alizaliwa mwaka 1931 katika kijiji kilicho karibu na Kimilili, wilaya ya Bungoma. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Yohana Wanyama na marehemu Mama Rebeka Nafula. Nzige walikuwa wameingia mashambani mwaka huo, ndiyo maana akaitwa Nasike. Mama yake alizoea kusema kwamba nzige walikula kila kitu pale nyumbani wakauacha mdomo wa huyu mtoto.

Alisoma katika shule ya misheni ya kanisa la Marafiki kuanzia mwaka 1940, akamaliza darasa la sita mwaka 1946. Siku moja mwalimu aliwataka wanafunzi waandike ukurasa mmoja juu ya safari ya kwenda sokoni. Nasike aliandika kurasa kumi na moja, na msafiri wake alikuwa bado anafunga kamba ya mbuzi mlangoni. Mwalimu hakumchapa. Aliandika chini kwa wino mwekundu: "Nasike, sokoni tutafika lini?" Daftari lile alilihifadhi mpaka mwisho wa maisha yake.

Tarehe 6 Desemba 1952 alifunga ndoa na Gordon Nabiswa wa Chwele, fundi wa karakana ya reli. Alimfuata Nairobi mwaka 1956, wakakaa Makongeni, na Mungu akawajalia watoto watatu. Gordon hakuwa msomaji wa hadithi. Hata hivyo ndiye aliyemtengenezea mkewe meza ya kuandikia kwa mbao za makreti, akaipachika ukutani ili ikunjwe wakati wa kula. Alipoulizwa na wenzake kazini mke wake anaandika nini hasa, alijibu, "Sijui, lakini akiandika nyumba inatulia."

Kuanzia mwaka 1961 marehemu alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha biskuti, Industrial Area, kitengo cha kufunga pakiti, hadi alipostaafishwa kwa sababu ya afya mwaka 1982. Ni pale, wakati wa chai, alipoanza kuandika hadithi ya Simiyu, mlinzi wa stoo za reli. Aliandika nyuma ya karatasi za zamu zilizokwisha kazi, na jioni alinakili kwenye madaftari.

Kila Jumamosi asubuhi alikwenda bombani na karai lake la nguo na daftari. Wenzake walimfulia nguo zake, naye akawasomea. Penseli ilikaa sikioni. Mama akiinuka kwenda kusuuza katikati ya hadithi, Nasike aliweka msalaba mdogo pembeni mwa mstari aliokuwa anasoma. Akirudi nyumbani aliihesabu misalaba. Penye mitatu au minne, alijua hapo amewachosha, akaandika upya.

Lusweti naye aliwahi kumshauri kwa barua aianze hadithi kwa mapambazuko, kwa maneno ya fahari. Dada mtiifu, akafanya hivyo. Jumamosi ile Wacera alivumilia mpaka aliposhindwa.

"Mama Nekesa, hili jua linachomoza ukurasa wa pili sasa. Huyu mzee ataamka lini? Blanketi langu limeanza kunuka kwenye karai!"

Akina mama walicheka mpaka povu likamwagika. Nasike aliweka msalaba mmoja mkubwa juu ya ukurasa mzima, na katika barua yake iliyofuata akamwandikia mdogo wake: "Mapambazuko yako yamekataliwa na Makongeni."

Mwaka 1973 Simiyu alikufa, katika sura ya tisa. Wiki hiyo Wacera alikuwa kwao Murang'a. Aliporudi akasikia sokoni kwamba Simiyu wa Nasike amefariki, na kwa kuwa Jumamosi nyingi alikuwa akiwaza mboga zake huku anasikiliza, akadhani ni jamaa wa familia. Alifika mlangoni na kilo mbili za sukari na pakiti ya majani ya chai, machozi tayari yanamtoka. Gordon ndiye aliyemfungulia.

"Mama, huyo ni mtu wa kitabu," alimwambia.

Wacera akauliza, "Wa kitabu?"

"Wa kitabu."

"Haya. Sukari sirudi nayo." Akaingia, akaketi, akajipangusa uso. "Sasa niambieni, alikufaje?"

Marehemu alisema kwamba siku hiyo ndiyo aliyojua kuwa anaweza kuandika.

Kutoa kitabu kulikuwa jambo jingine. Mwaka 1974, kwa kutojua, alituma madaftari yake yenyewe, yaliyoandikwa kwa mkono, kwa wachapishaji fulani mjini. Hakubaki na nakala. Miezi kumi na mmoja baadaye alijibiwa kwamba madaftari hayaonekani. Alilala siku mbili bila kula. Siku ya tatu Wacera aliingia bila kubisha.

"Amka. Kwani sisi tumekufa? Hadithi si tunayo?"

Kwa Jumamosi saba akina mama walimsomea yeye kwa vichwa vyao, wakibishana na kusahihishana, naye akaandika. Walikumbuka maneno ya Simiyu neno kwa neno, na namna alivyovua kofia mbele ya mkewe. Yale ambayo hakuna hata mmoja aliyeyakumbuka, Nasike hakuyarudisha. Kitabu kilichokuwa na kurasa mia mbili na zaidi kikabaki nusu, na kila aliyekisoma baadaye alisema hakina mahali pa kukiwekea chini. Safari hii bintiye Nekesa alikipiga taipu, akaacha nafasi pana kati ya mistari, akatoa nakala tatu. Mbili zilizunguka kwa wachapishaji, ya tatu ikakaa chini ya godoro.

Kilikataliwa mwaka 1978 na tena mwaka 1980. Wa kwanza walitaka Simiyu afufuke. Wa pili walitaka ahamie kijijini. Marehemu aliwajibu wote kwa adabu, akawashukuru, na hakubadilisha. Lakini mmoja wao aliposema kwamba sura ya nne ina watu wengi mno wanaozungumza, aliipeleka bombani, akasikiliza, akakubali kwamba ni kweli, akawaondoa wawili.

Mwezi wa Februari 1983 mhariri mmoja, Bwana Kilonzo, alimwita ofisini kwake. Alimwuliza nani alimsaidia kuisafisha kazi hii.

"Akina mama wa bombani," alijibu.

"Basi wasalimie. Tutaitoa." Jina la kitabu ni Zamu ya Simiyu.

Furaha na ugonjwa vilifika pamoja. Mwezi uliofuata aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo. Alilazwa mara nne, na alivumilia bila kulalamika, isipokuwa juu ya taa ya wodi iliyokuwa hafifu. Kurasa za kusahihisha, kitabu kikiwa tayari kuchapwa, zilimfikia kitandani Julai mwaka huu, mia moja na kumi na mbili. Aliomba kuongezewa muda mara mbili, akakubaliwa. Agosti alimwandikia mdogo wake: "Njoo. Ukinikuta nimemaliza, tutakunywa chai. Ukikuta sijamaliza, usiende popote, hata kunizika, mpaka kurasa zirudi kwa Kilonzo. Nilipoteza kitabu hiki mara moja. Na usiniongezee mapambazuko."

Alifariki Jumapili, tarehe 9 Septemba 1984, saa kumi alasiri. Penseli ilikuwa kwenye ukurasa wa tisini na nne.

Mtambo wa kuchapia umepangwa, na kurasa zinatakiwa kesho Jumamosi kabla ya saa sita mchana. Zikikosekana, kitabu kitasubiri mwaka mwingine, au kisitoke kabisa. Wazee wa Chwele waliuliza ni ndugu gani huyu asiyemsindikiza dada yake. Gordon aliwajibu kwa niaba ya familia: "Ni yule anayemaliza kazi yake." Wamekubali, na familia inawashukuru.

Marehemu ameacha mumewe, Gordon, watoto wake Nekesa, Wafula na Barasa, wajukuu watano, mdogo wake Lusweti, na akina mama wa Makongeni, aliotaka watajwe pamoja na jamaa.

Leo Ijumaa saa saba mchana basi litaondoka ukumbini kumpeleka Chwele, ambako atazikwa kesho. Lusweti atabaki. Kesho alfajiri, kabla ya kupeleka kurasa mjini, atakaa bombani na penseli na kusoma kumi na nane zilizosalia kwa sauti, na mama yeyote atakayeinuka kusuuza atawekewa msalaba.

Usiku wa Jumapili ile aliyofariki, Wacera ndiye aliyefika wa kwanza, na kilo mbili za sukari. Alisimama mlangoni hakuingia. "Gordon," alisema, "niambie huyu naye ni wa kitabu."

Nenda salama, Nasike. Sokoni umefika, pumzika kwa amani.