Ripoti ya Mwalimu Tunu Isomwe Yote

Tarehe 30 Juni, Mwalimu Tunu Mwishehe anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Kiingereza hapa Temeke. Nimeombwa niandike wasifu mfupi wa kuchangamsha. Nitajaribu, ila nina hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Tunu hakuamini kwamba lugha inakaa ubaoni. Kidato cha Pili aliwapeleka soko la Tandika wakapatane bei ya nyanya kwa Kiingereza, mpaka muuza dagaa mmoja akawa anawasahihisha wanafunzi. Tulicheka sana. Matokeo yalipotoka, darasa lake liliongoza wilaya.

Mwaka 2016 mkaguzi aliandika kwamba mwalimu huyu ni "unorthodox", yaani hafuati njia zilizozoeleka, akapendekeza awe mwalimu wa taaluma. Ripoti ilikuwa ya siri. Mkuu wa shule wa wakati huo, Bwana Albano, alitusomea sentensi moja tu kikaoni, akalichanganya neno "unorthodox" na "heretic", akatufafanulia bila kupepesa macho kuwa Tunu ameasi dini. Mwenyewe hakuwepo, alikuwa anasimamia mtihani.

Kwenye ofisi yetu ya walimu, kuuliza maana ya neno la Kiingereza ni kujivua nguo hadharani. Basi tukatikisa vichwa kwa pamoja, tukasaini muhtasari wa kikao uliosema hivyo, tukanywa chai.

Cheo alipewa mwingine. Maneno yakavuka ukuta wa shule. Mzazi mmoja, Bi Hamdiya, akamhamisha bintiye, na kwenye maulidi wanawake wakawa wanajitenga naye mkekani. Mtu aliyewafundisha watoto wa mtaa mzima kusoma Kurani bila kudai chochote! Miaka yote hiyo hakujua kosa lake ni nini, na sisi tuliojua tulichosaini tulimwamkia kila asubuhi.

Machi mwaka huu, akifuatilia mafao, alionyeshwa jalada lake. Alikuja ofisini na nakala ya ripoti na ya muhtasari wetu, akatutazama mmoja mmoja.

"Hivi nyie wote mlikuwa mnalijua hili neno?"

Nikanyoosha mkono, nikasema mie nilikuwa silijui.

"Ungeniuliza, Badru," akasema. "Ningekufundisha."

Sijapata usingizi mzuri tangu siku hiyo, na sidhani kama nastahili.

Tulitaka kumnunulia seti ya makochi. Amekataa. Ameomba jambo moja: ripoti isomwe yote, kwa Kiswahili, mbele ya wazazi. Basi leo, baada ya dua, nitaisoma mimi, na wote tuliosaini tutasimama hadi nimalize.

Ahsante, Mwalimu, kwa watoto wetu uliowafundisha. Tunakuombea afya, utulivu na majirani watakaokusogelea mkekani. Radhi tunaiomba tukiwa tumesimama, na ukitunyima, ni haki yako.